Kuruka Safari Kwenye Gemu: Nani Anakuvusha?

Gemu za dunia wazi, zile zinazokuacha uzunguke ramani utakavyo, hujisifia ukubwa. Kabla gemu haijatoka utaambiwa ramani yake ni kubwa kuliko ile iliyotangulia, ina milima unayoiona kwa mbali na unaweza kuifikia kwa miguu, ina misitu, vijiji na mapango ya kutosha. Unainunua, unacheza jioni mbili tatu, halafu unagundua hutembei tena. Unafungua ramani, unabonyeza alama ya mji, skrini inakuwa nyeusi, gemu inalodi, umefika. Ukubwa wote ule umegeuka orodha ya alama.

Mimi nazipenda sana gemu hizi, hasa zile za kujenga mhusika, ambazo unaanza huna kitu na unamaliza ukiwa mtu anayeogopwa. Na naona suala la kuruka safari, yaani kufika bila kuipita njia mwenyewe, linabishaniwa pabaya. Kuna wanaotaka kuruka kuondolewe kabisa, mtu atembee. Kuna wanaosema muda wa mchezaji uheshimiwe, aruke anavyotaka. Wote wanabishana kama mchezaji aruke au asiruke, wakati jambo linaloamua kila kitu ni nani anayemvusha. Akivushwa na kitufe kilichoko nje ya dunia ya gemu, dunia inasinyaa. Akivushwa na mtu au chombo kilichomo ndani ya dunia hiyo, chenye stendi yake, nauli yake na njia zake, anaweza kuruka kila mara na dunia ikabaki kubwa.

Tuanze na kinachopotea. Majengo, Moshi, kuna chumba cha gemu ambacho wengi wanacheza mpira, lakini kwenye kona kijana mmoja alikuwa anaendeleza Skyrim, gemu ya mwaka 2011 ambayo bado ina watu wake. Alikuwa amefika mbali, ana nyumba, ana silaha kali, majoka ameshaua. Nikamuuliza njia kati ya miji miwili ya humo, "Dogo, ukitoka Whiterun kwenda Markarth unapita wapi?" Akafungua ramani, akaweka kidole kwenye alama ya kwanza, kisha ya pili. "Hapa unabonyeza, braza, unatokea hapa." Kati ya alama hizo kuna nchi nzima ya miamba na mto, na watu wenye kambi zao wanaopigania ardhi waliyoporwa. Markarth alifika mara ya kwanza kwa mkokoteni wa farasi, na tangu hapo anabonyeza. Simlaumu, maana gemu yenyewe ndiyo iliyomfundisha.

Sasa mchukue mtu anayetoka Arusha kwenda Moshi kwa basi dogo la Coaster. Ni kilomita 80 hivi, na nusu ya abiria wanasinzia. Hata hivyo akishuka Moshi anajua alikopita. Tengeru kuna migomba na soko, Usa River gari limesimama sana, Maji ya Chai, Kikatiti, halafu kijani kinakatika na nchi inakuwa kavu hadi njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Bomang'ombe wameshuka watu wa Sanya Juu. Baada ya Kwa Sadala kijani kimerudi. Kama hakuna mawingu, Kilimanjaro ameiona kushoto ikikua kila alipofumbua macho. Huyu hakukata kona hata moja, dereva ndiye aliyeendesha. Kwa lugha ya gemu, ameruka safari. Lakini chombo kilichomvusha kimepita barabarani, kwa hiyo barabara imebaki kichwani mwake, na siku akitakiwa kushuka Kikatiti kumtafuta mtu, anajua pa kuanzia.

Skrini nyeusi ilikuwa na sababu yake ya kimashine. Dunia ya gemu haiingii yote kwenye kumbukumbu ya mashine kwa mara moja. Ukihamia upande wa pili wa ramani, kilichokuwepo kinafutwa na kingine kinasomwa kutoka kwenye diski, na diski za kuzunguka kama ile ya PlayStation 4 husoma polepole. Wengine walitumia vizuri muda huo wa kusubiri. Kwenye Spider-Man ya mwaka 2018, ukihama kwa treni ya chini ya ardhi unamwona Spider-Man amekaa kwenye behewa na abiria wengine. PlayStation 5 ilipokuja mwaka 2020, na hifadhi inayosoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, kusubiri kulikaribia kuisha. Kwa hiyo leo kuonyesha safari au kuificha ni uamuzi wa msanifu, mashine haimlazimishi tena.

Kati ya gemu nilizocheza, iliyolitatua jambo hili vizuri kuliko zote ni ya zamani, Morrowind ya mwaka 2002, na inastahili kutazamwa kwa karibu.

Gemu inachezwa kisiwani. Unaanzia Seyda Neen, kijiji cha bandari chenye vinamasi pembeni. Nje kidogo amesimama mdudu mrefu kuliko nyumba zote za pale, miguu yake myembamba imeshuka hadi ardhini. Anaitwa silt strider. Gamba lake limechimbwa likawa mahali pa kukaa abiria, na mwendeshaji humwongoza kwa kugusa viungo vya ndani vilivyoachwa wazi. Unapanda hadi jukwaani, unaongea na mwendeshaji, anakutajia anakokwenda: Balmora, Vivec, Suran, Gnisis. Kwingine haendi. Unalipa, skrini inakuwa nyeusi, umefika.

Ukiangalia kwa upande wa programu, hakuna tofauti na kubonyeza ramani. Tofauti iko kwenye yaliyotangulia. Umemfuata mnyama alipo, umeongea na mtu, umetoa pesa, na umeambiwa kuna mahali hafiki.

Hapo kwenye kutofika ndipo utamu unapoanzia. Ukitaka kwenda Dagon Fel, kijiji cha visiwa vya kaskazini, mdudu wa Seyda Neen hakupeleki. Unaweza kumpanda hadi Gnisis, ukabadilisha kwenda Khuul, kisha Khuul ukapanda boti. Pia kuna chama cha wachawi chenye ofisi kwenye miji mitano, na kila ofisi ina mtu anayekuhamisha papo hapo hadi ofisi nyingine kwa malipo. Kuna uchawi unaoitwa Mark, wa kuweka alama mahali pamoja tu, na mwenzake Recall wa kukurudisha hapo. Kuna uchawi wa kujiokoa wa aina mbili: mmoja hukupeleka kwenye hekalu la karibu la dini ya wenyeji, mwingine kwenye madhabahu ya karibu ya dola inayowatawala. Yaani hata ukikimbia kifo unakumbushwa nani ana nguvu upande huo wa kisiwa.

Ukishaujua mtandao huo, unavuka kisiwa kizima kwa dakika chache, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Morrowind haiheshimu muda wa mchezaji. Ila muda huo unaupata kwa kuijua nchi. Mchezaji mgeni anapotea na kutembea usiku kucha. Mzoefu anajua aweke Mark mlangoni mwa nani kabla ya kuingia pangoni, na ni boti ipi inayomtoa upande wa mashariki. Huo ni ujuzi halisi, unaokua kichwani mwa mchezaji mwenyewe bila kuandikwa kwenye levo, yaani ngazi, ya mhusika wake. Na kisiwa chenyewe si kikubwa. Ramani nyingi za leo zinakizidi kwa mbali. Ukungu uliofunga macho, mwendo wa taratibu na usafiri wenye mapengo ndivyo vilivyokifanya kionekane hakina mwisho.

Miaka minne baadaye, mwaka 2006, studio ileile ilitoa Oblivion, na humo unafungua ramani na kwenda mji wowote mkubwa tangu mwanzo. Watu walishangilia, na naelewa kwa nini. Lakini angalia kilichofuata, maana hapa ndipo mjadala mwingi unapokosa shabaha. Kwenye Morrowind mtu akikutuma, anakuelekeza kwa maneno: fuata njia hadi darajani, pinda kaskazini, ukiona mawe fulani umekaribia. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa sababu mwandishi alijua utatembea sehemu ya mwisho ya safari. Msanifu akishajua kwamba mchezaji atabonyeza ramani na kufuata mshale wa kwenye skrini, hana sababu ya kuandika maelekezo. Bila maelekezo, vibao vya njia panda vinakuwa mapambo. Nyumba za wageni za barabarani zinakosa wageni. Farasi uliyemnunua kwa jasho anakaa zizini. Kitufe kimoja kimekula kazi ya vitu vingi, na mchezaji anachohisi ni kwamba dunia imepooza tu, bila kujua kitu gani kimeondolewa.

Skyrim inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, kwa sababu ina vyote viwili. Nje ya miji mitano mikubwa kuna mikokoteni ya farasi inayokupeleka mji mkuu wa jimbo lolote kati ya majimbo tisa. Ukikaa, mwendeshaji anakusimulia kidogo juu ya mji unaokwenda. Ni huduma nzuri, imetengenezwa kwa upendo. Lakini ramani nayo inakupeleka kokote ulikowahi kufika, bure. Nani atamlipa mwenye farasi? Ilipokuja hali ya kunusurika mwaka 2017, inayozuia kuruka kwa ramani na kumfanya mhusika aone njaa na baridi, mikokoteni ileile ikawa mkombozi bila kubadilishwa msumari hata mmoja. Kwa hiyo kuongeza usafiri mzuri hakutoshi kama ule wa bure umeachwa wazi pembeni.

Nauli nayo ina mtego wake. Kwenye gemu nyingi, ukishafika katikati una pesa usizojua pa kuzipeleka, na nauli yoyote inakuwa kama hakuna. Gharama inayouma muda wote ni muda, mradi muda uwe na maana. Daggerfall ya mwaka 1996 ilikuwa na ramani kubwa kiasi kwamba bila kuruka usingefika popote. Kwa hiyo ilikuuliza unataka kuruka vipi: kwa tahadhari au kwa haraka bila kujali, kulala nyumba za wageni au porini, kwa miguu na farasi au kwa meli. Kila chaguo lilibadilisha siku na pesa utakazotumia, na misheni, yaani kazi unazotumwa, zilikuwa na siku za mwisho. Kuchelewa kulikuwa kuchelewa kweli. Gemu nyingine hukwambia saa nane zimepita, halafu kila aliyekusubiri yuko palepale na maneno yaleyale. Saa hizo nane hazijamgusa mtu.

Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, iliyowekwa Bohemia ya mwaka 1403, ilipata njia ya kati ninayoiheshimu. Ukichagua mahali, ramani haifungwi. Unamwona mhusika wako akitembea juu yake, jua linasogea, njaa na uchovu vinaongezeka. Safari inaweza kukatika katikati: umekutana na watu barabarani, unataka kusimama au kujaribu kuwakwepa? Ni mchoro mdogo tu unaosogea, wala si kitu cha gharama kukitengeneza, na bado unahisi umesafiri.

Kuna wanaoamini suluhisho ni kuonyesha safari nzima. World of Warcraft, tangu mwaka 2004, inakubeba juu ya mnyama mkubwa anayeruka angani na unaiona nchi ikipita chini hadi utue, na wachezaji wake wa zamani wanaijua ardhi ile kwa kuitazama kutoka juu. GTA IV ya mwaka 2008, ambayo hata si ya kujenga mhusika, ilifanya jambo dogo la busara kwenye teksi: unaweza kukaa ukatazama mji dirishani, au ukabonyeza ukafika. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ina treni na magari ya farasi ya kulipia, na ukiwa juu ya farasi wako unaweza kuweka alama kwenye ramani, ukabadilisha kamera, akaifuata njia mwenyewe huku wewe unatazama.

Dragon's Dogma 2, iliyotoka Machi 2024, ilikwenda mbali zaidi. Mkokoteni wake wa ng'ombe unakwenda barabarani kweli. Ukisinzia safari inarukwa, lakini unaweza kuamshwa na kelele za mapigano, na ng'ombe akiuawa unamalizia kwa miguu. Mwongozaji wake, Hideaki Itsuno, alisema kabla haijatoka kwamba safari ikichosha ni kwa sababu gemu yenyewe inachosha. Nakubaliana naye nusu. Mara ya kwanza barabara nzuri haichoshi. Mara ya kumi, unaporudi tu kumwambia mtu "kazi tayari", inachosha hata ingekuwa imepambwa vipi. Na wachezaji wengi walikasirika walipokuta kifaa cha kujiwekea kituo cha kuruka kinauzwa pia kwa pesa halisi. Nawaelewa. Ugumu wa safari ukishakuwa na bei dukani, mchezaji hajui tena kama umewekwa kwa ajili yake au kwa ajili ya mfuko wake.

Kuna mbinu moja zaidi isiyotumika vya kutosha, nayo ni kuchelewesha. Dark Souls ya mwaka 2011 inakunyima kuruka kwa karibu nusu ya gemu. Unajifunza dunia kwa miguu, unafungua milango ya njia za mkato, unapanda lifti kanisani na kushtuka imekushusha palepale ulipoanzia. Uwezo wa kuhama unapewa ukiwa tayari una ramani kichwani, kwa hiyo hauwezi kuila.

Tuyalete haya nyumbani. Tuseme vijana wa Arusha wanatengeneza gemu ya kujenga mhusika, ramani inaanzia Namanga inaishia Tarakea. Ningeanza na stendi kabla ya kuchora hata adui mmoja. Coaster zinafuata barabara kuu tu: Arusha, Usa River, Bomang'ombe, Moshi, Himo. Anayekwenda Marangu au Rombo anabadilisha Himo. Juu milimani kuna gari ndogo za Noah, na mvua ikinyesha haziendi kila mahali. Bodaboda inafika hadi mlangoni, lakini kwa bei ya juu na si mbali. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, ambayo kwa kweli ilirudi Moshi mwaka 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, kwenye gemu ingekuja siku chache kwa wiki, na ukiikosa umeikosa.

Halafu gari haliondoki mpaka lijae. Kwa abiria halisi hiyo ni kero, kwa msanifu ni zawadi. Mchezaji ana chaguo: asubiri na saa zipite, alipie siti zilizobaki, au atumie muda huo kuongea na waliokwisha kaa. Mama mwenye ndizi amesikia nini Mwika? Mzee wa siti ya mbele anamtafuta nani? Hapo ndipo misheni zizaliwe, ndani ya gari lenyewe. Mpiga debe naye ni chombo cha habari. Siku akiita "Mwisho Bomang'ombe!" wakati kila siku anaita Moshi, mchezaji anajua mbele kuna jambo kabla hajaandikiwa chochote kwenye skrini.

Safari yenyewe ingekuwa sekunde kumi za dirishani, na anayetaka aziruke. Lakini kinachoonekana dirishani kiwe cha siku hiyo: mlima umefunikwa au uko wazi, soko la Tengeru limejaa au limefungwa, nyumba uliyoichoma jana bado inafuka. Jioni magari yapungue na usiku yakatike, ili aliyekwama Bomang'ombe atafute gesti, na gesti ipate kazi katika hadithi.

Kukatizwa kuwepo, ila kwa nadra na kwa sababu. Majambazi wa bahati nasibu kila safari ya tatu watachosha kuliko kutembea. Anayeingilia safari awe tokeo la ulichofanya. Yule uliyemdhulumu Usa River apandie Kikatiti, akae siti ya nyuma yako, na uamue kama unashuka njia panda ya KIA au unamsubiri mpaka mwisho wa safari.

Yote haya yataharibika kama misheni zitaandikwa za kupeleka na kurudi. Mara nyingi mchezaji anaililia ramani kwa sababu ametumwa upande wa pili wa dunia kuchukua barua, kisha arudi nayo, kisha apeleke jibu. Kazi zipangwe zifuate njia: moja ikikupeleka Marangu, tatu nyingine zikuone huko au njiani, na malipo uyapate kwa ndugu wa aliyekutuma anayeishi kulekule. Hata hivyo kuna mchezaji ambaye hana subira hiyo, na sababu zake ni za haki. Yule kijana wa Majengo analipia kwa saa, na umeme ukikatika kabla hajasevu, kazi yake imepotea. Mtu mzima anayerudi kazini saa mbili usiku ana muda mfupi kabla ya kulala. Hawa wawekewe swichi ya kuruka kwa ramani kwenye mipangilio, izimwe mwanzoni, waiwashe wakitaka bila kuulizwa swali, na anayeandika misheni aandike kila moja kana kwamba swichi hiyo haipo.